Upotoshaji Kuhusu Chanjo: Je, Kumnyamazisha Msemaji ni Tiba?

Chanjo ni miongoni mwa huduma chache za tiba zinazotolewa kwa mtu ambaye hajaugua. Anayemeza dawa ya malaria huwa ana homa, anaumwa kichwa na anatamani kupona. Mzazi anayempeleka mwanawe kuchanjwa dhidi ya surua huwa amembeba mtoto mzima, anayecheka na kunyonya vizuri. Mzazi huyo hutakiwa akubali mtoto achomwe sindano leo ili asije akaugua ugonjwa ambao pengine yeye mwenyewe hajawahi kuushuhudia. Kinachomfanya akubali si maumivu, bali ni imani: imani kwa muuguzi, kwa zahanati, kwa wizara na kwa wale walioitengeneza chanjo. Ndiyo maana neno moja la uongo laweza kuidhuru kazi ya chanjo kwa kiasi ambacho haliwezi kuidhuru kazi ya dawa ya kutuliza maumivu.

Kwa sababu hiyo, kila unapozuka uvumi kuhusu chanjo, swali moja hurudi: je, ni halali kuzuia maneno hayo yasisambae? Wapo wanaotaka serikali na kampuni za mitandao ya kijamii zifute taarifa hizo na kuwachukulia hatua wanaozieneza. Wapo wanaoona kwamba kufanya hivyo ni kuua uhuru wa kusema na kuzidisha shaka. Makala haya yanaeleza hoja za pande zote mbili, yanapendekeza vigezo vya kuzipima, na yanaonesha kwa nini sehemu kubwa ya jibu ipo kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto.

Si kila kauli isiyo sahihi ni uongo

Hatua ya kwanza ni kutofautisha kauli. Tuchukue kauli moja inayosikika mara kwa mara: kwamba chanjo ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi huwafanya wasichana wawe tasa. Kauli hii si sahihi. Hata hivyo, inaweza kutamkwa na watu wa aina tatu.

Wa kwanza ni mama aliyepokea ujumbe wa sauti kwenye simu, akaogopa, akaja kumuuliza muuguzi. Huyu hatangazi jambo, anauliza. Wa pili ni kiongozi wa dini au mwalimu anayeiamini kauli hiyo kwa moyo mweupe na kuwaonya wenzake kwa kudhani kwamba anawaokoa. Huyu anaeneza taarifa potofu bila nia mbaya. Wa tatu ni mfanyabiashara anayejua kwamba kauli hiyo haina ushahidi, lakini anaieneza ili auze dawa yake ya "kusafisha chanjo mwilini". Huyu anapotosha kwa makusudi na kwa faida.

Maneno ya watu hao watatu yanafanana, lakini dhamira zao, nguvu zao juu ya wasikilizaji na madhara wanayoyasababisha havifanani. Sheria au kanuni inayotazama maneno peke yake itamwadhibu mama pamoja na mfanyabiashara.

Lipo pia kundi la nne ambalo husahauliwa: kauli za kweli zisizopendeza. Mzazi anaposema kwamba mtoto wake alipata homa na paja kuvimba baada ya sindano, anasema kweli. Daktari anayesema kwamba chanjo ya polio ya matone, iliyotengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, inaweza mara chache sana kusababisha ulemavu, naye anasema kweli. Kauli kama hizo zikichanganywa na uongo na kufutwa pamoja nao, wananchi watakuja kuzigundua kwa njia nyingine, na siku hiyo watajiuliza ni mangapi mengine yaliyofichwa.

Uvumi huota kwenye udongo gani?

Waswahili husema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Uvumi unaodumu mara nyingi huwa na chembe ya ukweli iliyopindwa. Mifano miwili ya Afrika yaonesha jambo hili.

Mwaka 2014, nchini Kenya, maaskofu wa Kanisa Katoliki walitilia shaka kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa umri wa kuzaa. Ilidaiwa kwamba chanjo hiyo ilitiwa homoni ya ujauzito ili kuwafanya wanawake wasizae. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Lakini maswali ya wananchi hayakuwa ya kijinga. Kwa nini wanawake tu? Kwa nini dozi nyingi? Majibu ya kitabibu yapo. Pepopunda ya watoto wachanga huingia kupitia kitovu kilichokatwa au kufungwa kwa kifaa kichafu, na mtoto huzaliwa akiwa na kinga aliyoipata kwa mama yake. Hivyo anayechanjwa ni mama ili apone mtoto. Kinga ya chanjo hiyo hujengwa kwa kurudia dozi, na dozi tano humlinda mwanamke kwa sehemu kubwa ya miaka yake ya kuzaa.

Chembe ya ukweli ilikuwa wapi? Katika miaka ya nyuma wanasayansi, hasa nchini India, walikuwa wamefanya utafiti wa chanjo ya kupanga uzazi ambamo homoni ya ujauzito iliunganishwa na sumu ya pepopunda iliyokwisha kuondolewa makali, ili mwili uweze kuitambua. Utafiti huo ulichapishwa waziwazi. Haikuwa chanjo ileile inayotolewa katika zahanati, lakini aliyeusoma nusunusu aliweza kuziona mbili kuwa kitu kimoja. Zaidi ya hayo, baadhi ya vipimo vilivyotolewa kama ushahidi vilifanywa kwa mashine zilizotengenezwa kupima damu ya binadamu. Kuzitumia kupima kimiminika cha kichupa cha chanjo kwaweza kutoa majibu yasiyo ya kweli. Maelezo haya yalihitaji utulivu na muda. Amri ya kunyamaza isingeyaeleza.

Mfano wa pili ni wa Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya huko jaribio la dawa mpya kwa watoto. Baadaye ulizuka mgogoro mkubwa juu ya ridhaa ya wazazi, kesi zikafunguliwa, na mwaka 2009 kampuni hiyo ilifikia makubaliano na Jimbo la Kano ya kulipa dola milioni 75 bila kukiri kosa. Kati ya mwaka 1996 na 2009 lilitokea jambo jingine: mwaka 2003 viongozi wa Kano walisimamisha chanjo ya polio kwa madai kwamba ilikuwa imetiwa vitu vya kuzuia uzazi. Madai hayo hayakuwa ya kweli, lakini yaliwakuta watu waliokwisha kuumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka hushtushwa na ung'ongo. Polio ilisambaa kutoka Nigeria hadi nchi nyingine nyingi. Kano ilirejea kwenye chanjo mwaka 2004, baada ya mazungumzo na viongozi wa dini, baada ya chanjo kupimwa, na baada ya kukubaliwa kwamba chanjo itatoka Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi. Mwaka 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Njia iliyofikisha Afrika hapo ilipitia majadiliano marefu na watu waliokuwa wamekataa.

Hoja za wanaotaka maneno yazuiwe

Wanaotetea udhibiti wana hoja nzito, na haifai kuzibeza.

Hoja ya kwanza ni madhara kwa wengine. Surua ni miongoni mwa maradhi yanayoambukiza kwa kasi kubwa kuliko yote: katika jamii isiyo na kinga, mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Ili kuizuia isisambae, takribani asilimia 95 ya watu wanahitaji kuwa na kinga. Nchini Tanzania dozi ya kwanza ya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akifikisha miezi 9 na ya pili miezi 18. Mtoto wa miezi 5 hana namna ya kujilinda isipokuwa kwa kinga ya wanaomzunguka. Mzazi anayeshawishiwa kwa uongo asimchanje mwanawe humweka hatarini pia mtoto wa jirani, ambaye wazazi wake hawakushiriki katika uamuzi huo.

Hoja ya pili ni kwamba uongo na ukweli haviendi kwa mwendo mmoja. Uongo huandikwa kwa dakika moja na kuchochea hofu. Kuukanusha huhitaji utafiti, maelezo na subira. Hoja ya tatu ni udanganyifu wa kibiashara. Hakuna anayesema kwamba muuza dawa bandia ana uhuru wa kusema kuwa dawa zake ni halisi. Ikiwa ndivyo, basi anayetangaza uongo kuhusu chanjo ili auze bidhaa yake hawezi kujificha nyuma ya uhuru wa maoni.

Hoja ya nne inahusu taaluma. Daktari au muuguzi anapozungumza kwa cheo chake, msikilizaji humwamini kwa sababu ya kiapo na mafunzo yake. Kwa hiyo ni haki abebe wajibu mkubwa zaidi kuliko mwananchi wa kawaida.

Sheria nazo zinalitambua jambo hili. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, katika ibara ya 19, unalinda uhuru wa kujieleza lakini unaruhusu vizuizi vilivyowekwa na sheria na vinavyohitajika kulinda, pamoja na mambo mengine, afya ya jamii. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatoa uhuru wa maoni katika ibara ya 18, na katika ibara ya 30 inakubali mipaka kwa maslahi ya umma, ikiwemo afya ya jamii.

Hoja za wanaopinga

Upande wa pili nao una hoja zinazotokana na historia ya tiba yenyewe.

Hoja ya kwanza ni kwamba uongo maarufu kuliko wote kuhusu chanjo ulizaliwa ndani ya taaluma. Mwezi Februari 1998 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyodokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na ugonjwa wa usonji. Udhibiti wowote wa taarifa za afya ungetumia majarida kama hilo kuwa kipimo cha ukweli. Siku ile ungeilinda makala ile na kuwanyamazisha waliokuwa na shaka nayo. Ukweli ulipatikana kwa uchunguzi wa mwandishi wa habari Brian Deer, kwa tafiti za wanasayansi wengine na kwa mjadala wa wazi. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Mwaka huohuo Baraza la Madaktari la Uingereza lilimfutia Wakefield usajili. Inafaa kuzingatia kwamba hakufutiwa usajili kwa sababu ya kuwa na maoni. Alifutiwa kwa utovu wa uaminifu katika utafiti na kwa jinsi alivyowatendea watoto aliowachunguza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 657,461, nao hawakuona kwamba chanjo hiyo huongeza usonji.

Hoja ya pili ni kwamba siku ya kwanza tahadhari ya kweli hufanana na uvumi. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya kuzuia kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota, iliyoitwa RotaShield. Kufikia Julai 1999 zilikuwa zimepokelewa ripoti 15 za watoto wachanga waliopata tatizo la sehemu ya utumbo kuingia ndani ya sehemu nyingine na kuziba. Ripoti 15 ni chache mno kati ya watoto wengi waliochanjwa, na kila moja ingeweza kuitwa sadfa. Lakini zilisikilizwa, matumizi yakasimamishwa, uchunguzi ukafanyika, na chanjo hiyo ikaondolewa sokoni mwaka huohuo. Baadhi ya chanjo za virusi vya rota zinazotumika leo zilijaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watoto kabla ya kuidhinishwa, kwa sababu ya somo hilo. Kama wazazi na madaktari wa kwanza kulalamika wangeambiwa kwamba wanaeneza upotoshaji, watoto wangeendelea kuumia, na chanjo zote zingepoteza heshima.

Hoja ya tatu ni swali la nani anayeshika mkasi. Mwishoni mwa Desemba 2019 daktari wa macho wa mji wa Wuhan, Li Wenliang, aliwatahadharisha madaktari wenzake kuhusu ugonjwa mpya wa mapafu. Siku chache baadaye polisi walimwita na kumtaka atie sahihi onyo la kueneza taarifa za uongo. Alifariki kwa ugonjwa huohuo mwezi Februari 2020, na mwezi Machi onyo lile lilifutwa na familia yake kuombwa radhi. Kosa lililoandikwa kwenye karatasi yake ndilo lilelile ambalo wengi wangependa liandikwe dhidi ya wapinga chanjo.

Tanzania nayo ina la kujifunza. Mwezi Februari 2021 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba nchi haikuwa na mpango wa kupokea chanjo za UVIKO-19. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua utoaji wa chanjo hizo kwa kuchanjwa hadharani. Mwishoni mwa Agosti mbunge mmoja, ambaye pia ni kiongozi wa kanisa, alisimamishwa kuhudhuria mikutano miwili ya Bunge kutokana na kauli zake, zikiwemo zile zilizohusu chanjo hiyo. Katika muda wa miezi saba msimamo rasmi ulikuwa umegeuka. Mganga aliyeitetea chanjo mwezi Februari alikuwa kinyume cha kauli ya serikali. Mhubiri aliyeipinga mwezi Agosti alikuwa kinyume vilevile. Kanuni inayosema tu kwamba asemaye kinyume cha kauli rasmi azuiwe ingemkamata kila mmoja kwa zamu yake, mwenye ushahidi na asiye nao.

Hata kampuni za mitandao zimeonja ugumu huo. Mwezi Februari 2021 Facebook ilitangaza kwamba itafuta madai kuwa virusi vya UVIKO-19 vilitengenezwa na binadamu. Mwezi Mei mwaka huohuo ikaacha kuyafuta, kwa kuwa uchunguzi wa chanzo cha virusi ulikuwa bado unaendelea. Aliyefutiwa maneno yake mwezi Machi hakuona sayansi ikijirekebisha. Aliona kwamba alikuwa amezibwa mdomo bila haki.

Mizani ya kimaadili

Pande zote mbili zikisikilizwa, hitimisho linalopatikana ni kwamba udhibiti wa maneno unafanana na upasuaji. Si haramu, lakini haufanywi kwa kila mgonjwa, haufanywi na kila mtu, na haufanywi kabla ya tiba nyepesi kujaribiwa. Misingi ya Siracusa ya mwaka 1984, inayoeleza jinsi haki zinavyoweza kuwekewa mipaka, inadai kizuizi kiwe cha kisheria, cha lazima, kinacholingana na hatari, na kisiwe cha kibaguzi. Kwa upande wa chanjo, misingi hiyo inaweza kugeuzwa kuwa maswali matano.

Je, kauli hiyo ni dai la jambo linaloweza kupimwa, na limekwisha kupimwa likaonekana si kweli, au ni swali, hofu au maoni? Je, msemaji anajua kwamba anadanganya, au ananufaika kwa kudanganya? Je, madhara ni makubwa na ya karibu, kwa mfano kumshawishi mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa asichanjwe? Je, njia nyepesi zimejaribiwa? Na je, anayeamua kuzuia ni chombo huru, kinachotoa sababu hadharani na kinachoweza kukatiwa rufaa?

Jibu la maswali yote matano likiwa ndiyo, kuzuia kuna uhalali. Kwa kipimo hicho, muuza dawa ya "kusafisha chanjo" anazuilika. Mtaalamu wa afya anayedanganya kwa cheo chake anastahili kufikishwa mbele ya baraza la taaluma yake, ambako atajitetea kwa ushahidi. Mhubiri anayeamini anachokisema anahitaji kufuatwa na kuzungumzwa naye. Mama anayeuliza anahitaji kujibiwa.

Njia nyepesi zipo. Mwaka 2020 WhatsApp iliwekea mipaka ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, ili uweze kupelekwa kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Hakuna aliyezuiwa kusema. Kilichopunguzwa ni kasi. Hatua hiyo inafaa hasa kwa sababu ujumbe wa WhatsApp husomwa na mtumaji na mpokeaji tu, na hakuna mdhibiti anayeweza kuufuta ujumbe asioweza kuuona. Njia nyingine ni kuwaandaa watu mapema. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia William McGuire alieleza kwamba akili inaweza kuchanjwa: mtu akioneshwa mapema mfano dhaifu wa hoja ya uongo, pamoja na hila iliyomo, huwa mgumu kudanganywa anapokutana nayo baadaye.

Lakini lipo sharti moja linalotangulia yote. Kabla nchi haijazuia uongo kuhusu chanjo, ni lazima iwe na mlango ulio wazi wa kupokea ukweli mchungu. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa na chanjo, na mhudumu wa afya ana wajibu wa kuzitoa hata kama hana uhakika wa chanzo. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mfumo wa chanjo unaoficha madhara nao huumbuliwa hivyohivyo.

Udhibiti unaofanyika kliniki

Mjadala wa udhibiti huzungumzwa kana kwamba unahusu serikali na kampuni kubwa tu. Upo udhibiti mwingine mdogo unaofanyika kila siku asubuhi katika vituo vya afya. Mama anauliza, "Dada, hii sindano haina madhara?" Foleni ni ndefu, muuguzi amechoka, naye anajibu, "Wewe mama, nani kakwambia maneno hayo? Shika mtoto vizuri." Mama ananyamaza. Sindano ya leo inachomwa, lakini swali linarudi nyumbani bila jibu, na huko litajibiwa na ye yote atakayekuwa na muda wa kulisikiliza. Mdomo uliofungwa si moyo uliokubali. Dozi ya miezi 18 ndiyo itakayoonesha kama alikubali.

Mhudumu hahitaji saa nzima ili kuliepuka kosa hilo. Aanze kwa kumuuliza mzazi amesikia nini na kutoka kwa nani, kisha amsikilize mpaka mwisho. Aitambue hofu yake: kumwogopea mwanao ni dalili ya malezi mema. Atangulize ukweli kwa sentensi fupi, aeleze kwamba upo uvumi na umekosea wapi, kisha aurudie ukweli. Asiutangulize uvumi wala kuurudiarudia, kwa kuwa jambo linalosikika mara nyingi huzoeleka masikioni na kuonekana kweli.

Akiulizwa kuhusu utasa na chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi, anaweza kueleza kwamba chanjo hiyo, iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018, hukinga dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani inayowapata wanawake wengi wa Tanzania kuliko saratani nyingine, na kwamba saratani hiyo yenyewe ndiyo inayoweza kumfanya mwanamke aondolewe kizazi. Akiulizwa kuhusu madhara, asiseme kwamba hakuna. Aseme kwamba maumivu, uvimbe mdogo na homa ni kawaida na hupita baada ya siku moja au mbili. Kwamba mzio mkali hutokea takribani mara moja katika dozi milioni moja, na ndiyo sababu mtoto husubirishwa kidogo kituoni baada ya kuchanjwa. Na kwamba mtoto akipata degedege, akishindwa kupumua vizuri au akilegea, arudishwe kituoni mara moja. Na asipolijua jibu, aseme kwamba atalitafuta, kisha alitafute kweli.

Baadhi ya wazazi watakataa hata baada ya hayo. Mlango ubaki wazi, wakaribishwe tena, na mtoto aendelee kupata huduma nyingine bila masimango. Mwaka 2022 utoaji wa chanjo ya UVIKO-19 ulipanda kwa kasi nchini Tanzania baada ya wahudumu kuwafuata watu nyumbani, sokoni na kwenye nyumba za ibada.

Kwa mzazi na mgonjwa

Msomaji anayepokea ujumbe wa kutisha kuhusu chanjo ana haki ya kuuliza na hana sababu ya kuona haya. Kabla ya kuupeleka kwa wengine, ni vyema atazame mambo machache. Je, ujumbe unamtaja aliyeusema, mahali na tarehe, au unasema tu "daktari mmoja bingwa"? Je, mwishoni kuna bidhaa inayouzwa? Je, unamhimiza ausambaze haraka "kabla haujafutwa"? Maneno hayo ya mwisho yanaonesha jinsi udhibiti usio na uangalifu unavyoweza kuwa mtaji wa mpotoshaji: kilichofutwa huonekana kuwa siri, na siri hupendwa.

Baada ya hapo, aende na ujumbe huo kituoni, amwoneshe mhudumu, na adai maelezo. Mtoto akipata tatizo baada ya chanjo, mzazi aripoti na aombe taarifa yake iandikwe. Anayefanya hivyo haipingi chanjo. Anafanya kazi ileile iliyofanywa na wazazi na madaktari wa mwaka 1999, ambayo imewafanya watoto wa leo wapate chanjo iliyo salama zaidi.